Ndizi za Posa Zilizopigwa Baridi

Zima meni swichi kwanza, halafu ndiyo unisikilize. Nawajua ninyi mafundi vijana. Mnasoma huku bisibisi iko mkono mmoja na simu mkono mwingine, na wengine mmekwisha kufungua kava ndipo mnauliza ndani kulikuwaje. Basi zima. Ukishazima, gusa waya kwa tesita uhakikishe, maana mimi nimewahi kuzima swichi ya nyumba ya jirani, nikaenda kwa kujiamini kabisa kushika waya wa nyumba yenye moto, yaani umeme. Nilirushwa nikakalia ndoo ya maji ya ng'ombe. Mwenye nyumba alitoka mbio, akampa pole ng'ombe.

Nimefanya kazi ya umeme na majokofu karibu miaka arobaini, mjini Moshi na huku juu mlimani. Sasa nimestaafu, nakaa Shirimatunda, nafuga ng'ombe wawili na kuku wasiosikia. Kikundi cha mafundi vijana pale usharikani kwetu kimeniomba niandike kuhusu kubadilisha themostati ya chumbani. Waliponiambia hivyo walikuwa wanatazama chini na kubana midomo, kwa hiyo najua wamesikia habari za Himo. Sawa. Afadhali mzisikie kutoka kwangu mimi niliyezifanya kuliko kwa watu wa sokoni, ambao kila mwaka wanaongeza chumvi.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Themostati ya chumbani ni swichi tu, msiitukuze. Swichi ya taa inawashwa na kidole, hii inawashwa na hewa ya chumba. Ndani ya zile za zamani kuna kibati kilichotengenezwa kwa madini mawili yaliyoshikana. Kikipata joto kinapinda, kikipoa kinanyooka. Umeme unaingia kwa skrubu moja, na kuna skrubu nyingine mbili za kutokea. Moja inatoa umeme chumba kikipata joto, hiyo ni ya mashine ya kupoza. Nyingine inatoa umeme chumba kikipata baridi, hiyo ni ya hita. Basi, hakuna uchawi mwingine. Mtu aliyeelewa skrubu hizo tatu anaweza kufunga themostati yoyote duniani, na mimi nilikuwa nimezielewa tangu ujana wangu. Kumbukeni hilo tukifika Himo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Pauli, mtu mfupi wa Kilema, Mungu amrehemu, aliyekuwa na penseli nyuma ya sikio hata akienda kupokea komunyo. Hakukuruhusu kugusa skrubu kabla hujachora ulichokiona. "Penseli kwanza, bisibisi baadaye," alikuwa anasema, na kama umetangulia na bisibisi anakunyang'anya, anaitia mfukoni, unashinda siku nzima unambebea ngazi. Mimi nilibeba ngazi sana mwaka ule wa kwanza.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea katika hoteli moja ya Marangu, katika chumba cha wageni wanaoteremka mlimani wakiwa hoi. Vyumba vilikuwa na hita za umeme ukutani. Nilitumwa kubadilisha themostati ya chumba kimoja, nikakuta nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro, unaorudisha umeme. Themostati mpya ilikuwa na skrubu ya nyutro kwa ajili ya kataa kake kadogo, nikaufunga mweusi hapo, nikawasha, kataa kakang'aa kama nyota. Nilifurahi, nikaondoka. Asubuhi tukaitwa. Mgeni alikuwa amelala na viatu vyake vya mlima, koti, kofia na glavu, na alisema chumba kile kilikuwa na baridi kuliko kambi aliyotoka. Lakini alikiri kwamba taa ilikuwa nzuri.

Mzee Pauli hakunipigia kelele. Alinisimamisha mbele ya ukuta akaniuliza, "Huu mweusi unatoka hapa unakwenda wapi?"

"Kwenye hita."

"Unapeleka nini huko?"

Nikafikiri. "Unapeleka moto, mzee. Moto uliokwisha kupita swichini."

"Basi kwa nini unauita nyutro? Kwa sababu amevaa suti nyeusi? Rangi ni nguo, na hapa kwetu watu wanaazimana nguo. Fuata waya uone unakwenda kulala kwa nani."

Tangu siku hiyo nikikuta waya mweusi unaobeba moto naufunga kipande cha tepu nyekundu ili fundi ajaye asidanganyike. Nanyi fanyeni hivyo. Ni kazi ya sekunde tano na huenda siku moja ikamwokoa mtu usiyemjua.

Jambo jingine ambalo hamlifikirii ni mahali pa kuifunga. Pale pale Marangu, ila hoteli nyingine, ukumbi ulikuwa haupati joto kamwe. Walibadilisha hita, wakabadilisha breka, wakaleta fundi kutoka Arusha. Mimi nilipofika nilikuta themostati imefungwa ukutani nyuma ya kaunta, na chini yake dada wa mapokezi ameweka birika la umeme la chai yake. Kila akichemsha maji, themostati inaamini dunia nzima imepata joto, inazima hita za ukumbi. Dada yule alikuwa anapenda chai kwelikweli. Nilisogeza birika hatua nne, nikalipwa sifa ambazo sikustahili. Kwa hiyo msiifunge juu ya birika, wala mlangoni panapopita upepo, wala ukuta unaopigwa na jua la jioni. Ifungwe usawa wa kifua, mahali hewa ya chumba inapotulia.

Sasa Himo. Siwezi kuendelea kuizunguka.

Mwaka wangu wa mwisho kazini mwanangu Godlisten, ambaye sisi tunamwita Godi, alipata mchumba. Jina lake Happiness, mwalimu, kwao ni Kwa Sadala, kule Hai. Sisi kwetu hasa ni kule juu ya Himo, na kwenye kihamba cha ukoo, shamba letu la migomba, anakaa kaka yangu mkubwa, Elisaria. Wamachame, yaani watu wa kwao Happiness, na sisi tunataniana tangu zamani. Wao wanasema mbege yetu, pombe ya ndizi, ni maji, sisi tunasema yao ni uji. Lakini siku ya posa utani unawekwa pembeni. Unakwenda na mbege, nzuri, ya kutosha, na wazee wa upande wa pili wanaionja kabla hamjafungua mdomo kusema mmefuata nini. Usipokwenda nayo ni kana kwamba hukwenda.

Na nyumba ile ya Kwa Sadala ilikuwa na bibi. Bibi yake Happiness ndiye mwenye kauli ya mwisho pale. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba washenga waliokuja kumposa dada yake Happiness walirudishwa kwa sababu mbege yao ilikuwa imechacha. Bibi aliionja, akairudisha kata, akasema, "Njooni tena mkiwa mmejiandaa." Wale vijana walikaa mwaka mzima ndipo wakarudi. Godi aliposikia habari hiyo alipungua kilo. Alinifuata zizini akaniambia, "Baba, naomba mbege isije ikaharibika." Mimi nikamwambia aondoe wasiwasi, baba yake yupo.

Mbege, kwa wale mliozaliwa mjini, inaanza na ndizi zilizoiva sawasawa, zote kwa pamoja. Zikishaiva zinachemshwa, zinakaa siku kadhaa, zinachujwa, kisha unaweka mso, yaani uji wa ulezi ulioota, na kesho yake inanyweka. Ndizi zikichelewa, kila kitu kimechelewa. Posa ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwa hiyo ndizi zilitakiwa ziwe zimeiva ifikapo Jumatatu yake.

Himo yupo Mama Ndeshi, mfanyabiashara wa ndizi, rafiki wa mke wangu tangu kwaya. Ana chumba cha kuivishia, kuta nene, mlango mzito, na mashine ya kupoza inayokiweka chumba kwenye nyuzi kumi na nane ili ndizi ziive taratibu na kwa usawa. Himo ni joto, bila mashine ile ndizi zinaiva nusu na nusu zinaoza. Themostati yake ilikuwa imezeeka, ikawa inawasha mashine inapojisikia. Tukakubaliana kama watu wazima. Mimi nitaweka mpya, yeye ataniwekea ndani mikungu yangu thelathini pamoja na ya kwake.

Nilikwenda Jumatatu asubuhi, wiki moja kabla. Nilizima umeme, hilo nililifanya vizuri. Nikafungua kava. Mama Ndeshi akasogea na simu yake.

"Baba Godi, hutapiga picha kwanza? Kijana aliyekuja mwaka juzi alipiga picha."

"Mama Ndeshi, kijana anapiga picha kwa sababu kichwani hamna kitu. Mimi picha ziko humu," nikagonga paji la uso kwa bisibisi.

Penseli ya Mzee Pauli sikuikumbuka. Ndani ya boksi la themostati mpya kulikuwa na karatasi yenye mchoro. Nilifutia mikono, nikaitupa.

Themostati ya zamani ilikuwa na waya mmoja kwenye skrubu ya juu na mmoja kwenye skrubu ya kati, ya chini ilikuwa tupu. Mpya nayo ilikuwa na skrubu tatu zilizopangwa vilevile. Basi nikahamisha, wa juu juu, wa kati kati, chini pakabaki patupu. Dakika kumi. Hata jasho sikutoka. Nilichokuwa sijui, na ambacho karatasi ile ilikuwa inanipigia kelele, ni kwamba waliotengeneza mpya waliamua skrubu ya kati iwe ya hita, na ya kupoza wakaiweka chini. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeiambia mashine ya kupoza ifanye kazi chumba kikiwa na baridi.

Nikawasha meni swichi. Nikaweka namba kumi na nane. Kimya. Nje jua linaunguza, ndani kuna joto, mashine imelala. Hapo ndipo fundi mwenye akili angejiuliza. Mimi nikazungusha namba kwenda juu. Ishirini, kimya. Ishirini na tano, kimya. Nilipofika thelathini ikalia "ta!" na mashine ikaanza kunguruma.

"Umeona?" nikamwambia Mama Ndeshi. "Hizi za siku hizi namba zake zimepangiwa nchi za baridi. Hapa kwetu ukitaka kumi na nane unaweka thelathini."

"Aisee," alisema Mama Ndeshi, na kwa heshima aliyokuwa nayo kwangu akachukua chaki akaandika ukutani, MWISHO 30, USIGUSE.

Mngekuwa mbele yangu sasa hivi ningewashika masikio hapa. Mashine ikiwaka haina maana kazi imekwisha. Kaa uone ikizima. Themostati kazi yake ni mbili, kuwasha na kuzima, na wewe umeshuhudia moja tu. Vuta ndoo ukae. Lakini kaka Elisaria alikuwa amenipigia simu kwamba kikao cha kupanga posa kinaanza na mbuzi ameiva, na mimi kwa mbavu za mbuzi sijawahi kuwa mtu wa kusubiri. Tukaingiza ndizi, tukafunga mlango. Chumba cha kuivishia hakifunguliwi ovyo, kwa hiyo hakuna aliyechungulia.

Alhamisi Mama Ndeshi akapiga simu. Hakusalimia.

"Baba Godi, njoo. Na uje na sweta."

Nilipofungua ule mlango miwani yangu iliingia ukungu. Mashine ilikuwa inanguruma vilevile tangu Jumatatu bila kupumzika, kwa sababu kila baridi ilivyozidi ndivyo themostati ilivyozidi kuiambia iendelee. Nikafuta miwani. Mikungu yangu thelathini na mikungu yote ya Mama Ndeshi ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu cheusi, na nilipoimenya ndizi moja ilikuwa ngumu ndani kama kiazi kibichi. Ndizi ikipigwa baridi namna hiyo haiivi tena, hata uisubiri mpaka Pasaka.

Niliielewa papo hapo. Sikuhitaji hata kufungua kava. Na nitawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni hakikuwa samahani. Nilisema, "Huu umeme wa siku hizi unapanda na kushuka." Mama Ndeshi alikuwa amejifunga kanga mbili na blanketi. Akaniambia, "Nenda nyumbani, Baba Godi," na akaanza kutoa mikungu nje mmoja mmoja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe na mvi. Nilimfikiria Godi pale zizini akiniomba.

Nikapanda kwa kaka. Elisaria ndiye aliyekuwa mshenga wetu na ndiye mpishi wa mbege wa ukoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja.

"Umemwomba radhi?"

"Nimemwambia umeme unapanda na kushuka."

"Mbe! Umri wote huo!" Akaenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akanipa. "Shuka sasa hivi. Usiseme habari za umeme."

Kwetu sale ndilo tunalopanda mipakani, na ndilo analobeba mtu aliyekosa. Aliyekosewa akiletewa sale anaweza kukusema mpaka achoke, lakini kulikataa hawezi. Nilishuka Himo na jani langu, nikipita katikati ya soko, na kila aliyeniona alijua kwamba fundi amefanya jambo. Mwanamke mmoja muuza nyanya aliniuliza, "Meku, mzee wangu, umemuua nani?" Nikamwambia ni ndizi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mama Ndeshi alikuwa amekaa juu ya kreti mbele ya mlango. Nilimshikisha jani kwa mikono miwili.

"Mama Ndeshi, nimekosa mimi. Umeme haukupanda wala haukushuka. Nilifunga waya skrubu isiyo yake, sikusoma, sikusubiri."

Alilishika muda mrefu akiligeuzageuza. Alinisema. Alianza na picha, akaja kwenye paji la uso nililoligonga na bisibisi, akamalizia na mbavu za mbuzi, ambazo sijui aliambiwa na nani. Kisha akalichomeka lile jani kwenye kilemba chake, akaingia ndani, akatoka na ile karatasi yenye mchoro. Alikuwa ameiokota Jumatatu, maana mwanamke yule hatupi karatasi, akaandikia nyuma yake majina ya wateja.

"Limepokelewa," alisema. "Sasa ingia. Mimi nasoma, wewe unafunga. Na kabla ya kufunga, piga picha."

Nikazima meni swichi, nikapiga picha. Mama Ndeshi akasoma mchoro kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kana kwamba anasoma somo kanisani: hapa ndipo umeme unapoingia, huu unatoka kukiwa na joto, huu unatoka kukiwa na baridi. Nikatoa waya kati, nikaupeleka chini, nikawasha umeme. Nikaweka kumi na nane. Mashine ilikuwa kimya kwa sababu chumba bado kilikuwa barafu. Tuliacha mlango wazi, tukakaa kwenye makreti, mimi na sweta yangu. Joto la Himo likaingia, likapanda taratibu, na lilipopita kumi na nane ikalia "ta", mashine ikawaka. Tukafunga mlango, tukasubiri. "Ta", ikazima. Nilitaka kuondoka. Mama Ndeshi akanivuta koti. Tulisubiri mpaka ikawaka na kuzima mara tatu, na mara ya tatu akafuta ukuta kwa kiganja na kuandika upya, 18.

Chumba kilipona. Mbege ndiyo ilikuwa bado haipo, na siku zilikuwa zinakwenda. Ndizi mbichi kwenye chumba cha mashine zingechukua karibu wiki nzima. Elisaria akasema tutavundika kama baba alivyokuwa anavundika, shimoni. Mama Ndeshi, Mungu ambariki, ndiye aliyepiga simu juu huko, kila nyumba mkungu mmoja, na kwa kila simu hakusahau kueleza sababu. Jioni ile ile mikungu ilikuwa imejaa uani kwa kaka, na wote walioileta walibaki kutazama fundi akichimba.

Maana shimo nililichimba mimi. Elisaria alikataa mtu mwingine ashike jembe. Tulilitandika majani makavu ya mgomba, tukapanga ndizi, tukaacha tundu pembeni la kupulizia moshi wa majani yanayoungua, tukafunika kwa udongo. Nilikuwa na kipimajoto changu cha kazini mfukoni, nikawa nafikiria kukiingiza kwenye tundu. Kaka akaniona. "Weka hicho kitu chini," akasema, "usije ukaua na hizi." Akapeleka mkono wake juu ya tundu, akahesabu kimoyomoyo, akaongeza majani mkono mmoja. Siku nne alifanya hivyo asubuhi na jioni, mkono tu, na Jumatatu tulipofukua zilikuwa za njano zote. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeshinda maisha yangu yote nikifunga vitu vya kufanya kazi ile ile aliyokuwa anaifanya kaka yangu kwa kiganja.

Jumamosi tukaenda Kwa Sadala. Njiani Elisaria alituonya kwamba habari za Himo zisitajwe. Sisi tumekuja na mbege, basi. Nikakubali kwa furaha kubwa.

Tulikaribishwa, tukaketi, watu kama hamsini. Godi alikaa karibu nami akitazama viatu vyake. Bibi akaletewa kata ya kwanza. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, macho makali. Akanusa, akaonja. Akaonja tena.

"Hii ni ya shimoni," alisema. "Nimekaa miaka mingi sijainywa. Ninyi Himo si mna vyumba vya mashine? Kwa nini mmevundika?"

Elisaria akasimama, akatengeneza koti. "Bibi, tulisema kwa nyumba yenye heshima kama hii hatuwezi kuleta ndizi za mashine. Tukarudi kwenye mila."

Watu wakapiga makofi. Bibi akainamisha kichwa, macho yakamlainika, akasema kwamba tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemfanyia jambo la namna ile. Akaanza kumwombea baraka baba wa kijana, kwa jina, kwamba ndiye mtu wa zamani wa kweli. Yaani mimi.

Vijana wangu, sikuweza. Nilijaribu. Nilibana meno, nikatazama dari. Lakini yule bibi alikuwa karibu kulia kwa sababu ya uongo wetu, na mjukuu wake alikuwa anakuja kuishi na sisi. Nikasimama. Godi akanishika shati. Elisaria akafumba macho.

"Shikamoo, Bibi," nilisema, ingawa nilikuwa nimekwisha kumwamkia mara mbili. "Si mila. Ni mimi. Niliziharibu ndizi za kwanza."

Bibi akauliza, "Uliziharibuje?" Na kwa kuwa alikuwa ananitazama sawasawa, nilieleza yote. Nilichukua kata tatu za mbege nikazipanga mezani kuwa skrubu, nikaonyesha moto unapoingia, wa baridi, wa joto. Nilieleza kuhusu thelathini, kuhusu mbavu za mbuzi, kuhusu sale nililolipitisha sokoni. Nilipomaliza nilibaki nimesimama na jasho limenilowesha mgongo, nikisubiri kuambiwa tujiandae turudi tena.

Bibi aliinua kata ya katikati, ile ya baridi, akainywa mpaka mwisho.

"Kumbe mnaweza kusema mmekosa," alisema. "Mbele ya wakwe, bila kulazimishwa. Mjukuu wangu atakosewa huko, wote wanakosewa, ndivyo nyumba zilivyo. Lakini akikosewa ataambiwa. Chukueni mtoto." Vigelegele vikaanza, Godi akaniangukia begani, na mimi nikalia waziwazi wala sikujali. Bibi akapandisha mkono watu wanyamaze. "Sijamaliza. Kuna sharti moja. Huyu mzee asiguse umeme wa nyumba hii."

Walicheka mpaka wakamwaga mbege. Nilidhani ni utani wa wakwe.

Krismasi iliyopita tulikuwa Kwa Sadala sote, Godi, Happiness, wajukuu wawili. Tukiwa mezani taa ya sebuleni ikazimika, na mimi, kwa mazoea tu, nikasukuma kiti nyuma kidogo. Bado sijanyooka. Watu kumi na mmoja, pamoja na mjukuu wangu wa miaka mitatu, wakasema kwa sauti moja, "Babu, kaa!"

Tulimalizia chakula kwa mshumaa.